Usilifungie Dodoki Lako Gizani

Chausiku mwanangu,

Umetoka sasa hivi na baba yako kwenda Gongoni kunyolewa. Nimekaa kibarazani na daftari lako la darasa la saba, kurasa za nyuma ulizoziacha nyeupe. Mdogo wako nimemfunga mgongoni, ndiyo maana mwandiko unapanda na kushuka. Kila ninapoinama ananivuta mtandio. Ukirudi nitakuwa nimemaliza. Sitaki uniangalie ninapoandika haya.

Yale ya shule tumeyasema mpaka umechoka. Godoro lipo, ndoo ipo, sare ulizijaribu jana mbele ya kioo. Kusali unajua. Kusoma unanishinda, mimi niliyeishia la saba. Nataka kukuandikia juu ya dodoki. Usicheke. Nimekuona leo asubuhi ukicheka.

Ulikuwa umetoka kuoga. Dodoki jipya, lile tulilolichuma kwenye ua wa Bibi kule Kwihara, bado linachuruzika. Ukalikamua mara moja, harakaharaka, ukalitia kwenye mfuko wa nailoni, ukafunga fundo, ukalisukumiza chini kabisa ya tranka, katikati ya sketi mbili za shule. Nikapiga kelele.

"Mama! Dodoki tu hili. Unapiga kelele kama umeona nyoka?"

"Litoe."

"Wataniibia bwenini."

"Nani kakwambia?"

"Wote wanasema. Ukianika kitu hukikuti. Na wengine hawaibi hata, wanalichukua tu wakakuchezee kwa waganga. Si unajua mama, kama Shangazi alivyonichezea mguu."

Ulisema hivyo huku unafunga kufuli, kama mtu anayesema leo mvua imenyesha. Mimi nikakaa chini sakafuni. Ukadhani nimechoka na mtoto. Nimechoka kweli, lakini sikukaa kwa hilo.

Kesho alfajiri baba yako anakupeleka Igunga, na kabla ya shule mtalala Choma kwa huyo huyo Shangazi yako. Ndiye mlinzi wako huko. Ukiugua bwenini, yeye ndiye atakayefika kwanza, maana mimi niko mbali. Na wewe unamwogopa. Tangu juzi hujamaliza chakula, unaniuliza kama ni lazima kulala kwake. Hofu hiyo nimekupandikiza mimi, mwanangu, kwa mikono yangu, na leo nataka kuing'oa kabla hujapanda gari. Naogopa kwamba nimechelewa.

Sikiliza.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Wewe ulikuwa hujatimiza mwaka, mnene, una meno mawili, ngozi yako ndiyo hiyo hiyo ya kupasukapasuka nyuma ya magoti na kwenye viwiko. Baba yako akasema twende Choma, ndugu zake wakuone. Mimi nilikuwa sijawahi kuvuka Nzega. Mtoto wa mjini, nimezaliwa kwenye nyumba ya sakafu, nakwenda kukaa kwa wafugaji.

Bibi yako, mama yangu, usiku wa kuondoka aliniweka chini. Unamjua Bibi. Anapenda kusema sisi watu wa Tabora ni watoto wa njia. Tangu enzi za wapagazi wageni wanapita mlangoni kwetu, ndiyo maana tunajua kumpa mtu maji na kumchunga kwa jicho moja. Akaniambia: "Huko uendako, nywele zako usiziache. Kucha usiziache. Na dodoki, wallahi, dodoki usilianike bafuni kwao. Jasho lako ni wewe. Anayelishika dodoki lako amekushika mwili mzima."

Nikambeba Bibi kichwani mpaka Choma.

Tulifika mvua zimekolea, matope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Shangazi yako alitupokea njiani, akaninyang'anya mzigo, akanisalimu kwa Kisukuma. "Mwangaluka, mayu! Karibu. Huyu ndiye? Aah, kaka yangu ulimwongopea mtu ukasema mtoto kafanana na wewe. Mshukuru Mungu hajafanana." Akacheka mwenyewe, kicheko chake kile cha kupiga paja. Bafu lao lilikuwa uzio wa mabua nyuma ya nyumba. Pembeni, chini ya ukingo wa paa ambapo mvua haifiki, alikuwa amefunga kamba mpya ya katani. "Wifi, kamba yenu hii. Nimeifunga upande wa upepo. Kitambaa, dodoki, nguo za mtoto, anika hapa."

Nikasema asante. Nikaoga, nikakuogesha, nikalichukua dodoki letu, tulikuwa na moja mimi na wewe, nikalitia kwenye mfuko wa nailoni likiwa limelowa hivyo hivyo na povu lake, nikalificha ndani ya begi, chini ya kanga. Nikafunga zipu. Nikajiona mjanja sana.

Siku ya kwanza. Siku ya pili. Asubuhi na jioni nalitoa, nalitumia, nalirudisha gizani. Shangazi aliniuliza mara moja, "Wifi, mbona kamba iko tupu?" Nikamwambia nimezoea kuanika ndani. Siku ya tatu nilipofungua mfuko harufu ilinipiga, harufu ya maji yaliyolala kwenye mtungi. Dodoki lenyewe linateleza, kama samaki. Nilijua. Chausiku, usidhani sikujua, pua ninayo. Lakini niliwaza, nikilitupa wataliokota, nikilianika wataliona. Basi nikaongeza sabuni. Na kwa sababu ulikuwa ukwenini nilitaka ung'are, nikakusugua mguu huu wa kulia, nyuma ya goti pale palipopasuka, mpaka ukalia. Nikakwambia nyamaza, unapendezeshwa.

Siku ya nne uliamka una moto. Mguu umevimba, mwekundu, unawaka hata kabla sijaugusa. Hukutaka kunyonya. Nikaanza kulia, nikambebesha baba yako lawama, nikazunguka nyuma ya nyumba kutafuta maji, na huko nikamkuta Shangazi yako amechutama mbele ya moto mdogo. Mkononi ana mfuko wetu wa nailoni. Dodoki liko kwenye majivu, linatoa moshi.

Amefungua begi langu. Amelichukua. Analichoma.

Sasa jiweke mahali pangu, mtoto wa miaka kumi na minane ambaye mama yake amemwambia anayelishika dodoki lako amekushika mwili mzima. Nilipiga ukunga watu wakaja na majembe. Nikamwita mchawi mbele ya majirani zake. Nikasema amechukua jasho la mwanangu, anamchoma mtoto mguu. Akainuka, akasema, "Wifi, nisikilize kwanza, hiki kitu kina—" Sikumwacha amalize. Hakuwahi kumaliza sentensi ile.

Tuliondoka saa ile ile. Na hapa ndipo ninapoomba unisamehe kuliko pote. Sikukupeleka hospitali. Hospitali tuliipita, niliiona dirishani, baba yako akasema tushuke, nikasema hospitali hawatibu vitu vya watu. Nikakuleta mpaka kwa mganga ambaye Bibi alimjua. Siku tatu unachanjwa, unafukizwa, na mguu unapanda rangi. Siku ya tatu baba yako alikuchukua mikononi mwangu bila kuniuliza, akatembea na wewe mpaka hospitali, mimi nyuma yake nimevaa ndala za rangi mbili.

Walikupasua mguu siku hiyo hiyo kutoa usaha. Hilo ndilo kovu. Hakuna aliyekuchezea.

Nesi wa wodini alikuwa mama mmoja mkali, mwenye sauti ya kuita watu uwanjani. Alinikalisha kwenye benchi.

"Mtoto unamwogesha na nini?"

"Dodoki."

"Lake peke yake?"

"Letu."

"Linakaa wapi likishatumika?"

Nikazitazama ndala zangu.

"Mama, nimekuuliza linakaa wapi."

"Kwenye mfuko. Wa nailoni. Ndani ya begi."

Akanitazama. Akasema, sasa kwa sauti ndogo, "Dodoki lina matundu elfu. Kila tundu linashika kipande cha ngozi yako na tone la maji. Ukilinyima upepo, unawatengenezea vijidudu nyumba, unawapa na chakula. Halafu unakuja kuwapaka kwenye kidonda. Siwezi kuapa kwamba ni hilo tu, ngozi yake ilikwishapasuka. Ila hilo linatosha. Na hizi siku tatu mlikuwa wapi?"

Nilielewa, mwanangu, pale pale kwenye benchi. Nilielewa kwa nini Shangazi alifuata harufu mpaka kwenye begi, na kwa nini alichoma. Ilinipasa nisimame, nitafute simu, niseme wifi nimekukosea. Nikasema nitampigia mtoto akipona. Ukapona. Nikasema nitampigia Idi. Idi zikapita. Uongo ukikaa sana unapata kiti chake nyumbani; watu wanauzunguka tu. Ulipoanza kuuliza kovu limetoka wapi, Bibi ndiye aliyejibu kwamba ni Shangazi, mimi nikiwa nachambua mchele, na sikuinua kichwa.

Unakumbuka Shangazi alipokuja hapa mwaka juzi na karanga? Alikuja kutwa nzima kwenye gari na kile kigunia miguuni. Alipokuita, ulishusha gauni ukafunika mguu, ukajificha nyuma ya mlango, na karanga ukakataa hata moja. Alisema, "Mwacheni, mtoto ana haya." Mimi nilikuwa nimesimama pale na sinia la chai. Ningeweza kusema neno moja. Nikasema, "Wifi, sukari inatosha?"

Basi hiyo ndiyo hofu yangu. Naogopa bweni. Naogopa vitanda vilivyobanana, mvua za Januari, madirisha madogo, na ngozi yako hiyo. Naogopa kidonda kidogo ambacho hutanionyesha kwa sababu siko. Lakini zaidi naogopa kuwa umerithi lile begi langu. Leo nimekuona ukifunga fundo kwenye mfuko, na mikono ilikuwa yangu.

Dodoki nimelitoa kwenye tranka ulipotoka. Nimelisuuza mpaka maji yamekuwa meupe, maana povu likibaki nalo linaoza. Nimelikamua, nimelikung'uta kama unavyokung'uta ungo, nimelining'iniza kwenye kamba hapa mbele yangu. Jua limetoka kati ya mvua mbili, Mungu mkubwa. Kila mstari nikiandika nanyanyua macho nalitazama.

Fanya hivi hivi huko. Nimelitobolea kitanzi cha uzi mwekundu ili lining'inie popote, hata kwenye chuma cha kitanda upande wa dirishani kama nje kunanyesha. Lisilale sakafuni bafuni, lisikae kwenye kopo la sabuni. Ikibidi kusafiri nalo bichi, siku za kufunga shule mnapotolewa alfajiri, likamue ndani ya taulo kavu, liweke kwenye kile kifuko cha kanga nilichokushonea, kifunge nje ya begi kipate upepo, na ukifika popote, kabla hujakaa, kabla hujaulizwa habari za njiani, litoe ulianike. Likianza kuteleza au kunuka usilionee huruma. Tupa. Madodoki ya Kwihara hayaishi, Bibi anayaacha yanakaukia uani mpaka ndege wanayachoka, na nitakuletea. Ngozi ikipasuka, dodoki lipumzike, tumia mkono wako.

Usimwazime mtu. Atakayekuomba mpe kipande kipya; nimekukatia vitatu vya ziada, vikavu, viko kwenye kona ya tranka. Sitaki uwe mchoyo. Sitaki pia kidonda cha mtu.

Na ukiona uvimbe, Chausiku, wekundu, joto, hata ukubwa wa punje ya mtama, usikae kufikiri ni nani. Nenda kwa matroni siku ile ile. Mwambie ampigie Shangazi yako.

Wakiiba, waibe. Dodoki la kuibiwa ni hasara ndogo. La kufichwa nimekwambia lilitufanya nini.

Jana nilimwambia baba yako. Alikuwa anaziba pancha ya baiskeli ya mtu, akaendelea kusugua mpira na msasa muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Mwishowe akasema, "Dada yangu hakuniambia hata siku moja kwa nini alilichoma." Hakuniangalia mpaka wakati wa kula. Ni haki yake.

Nimesimama kidogo, mdogo wako alilia. Nimerudi.

Mwanangu, nilitaka barua hii uipeleke wewe kichwani, umwone Shangazi, basi yajiseme yenyewe. Halafu nimeona ni yale yale, nakutwika mzigo wangu. Kwa hiyo nimepiga simu, sasa hivi, mtoto mgongoni. Nakuandikia kama ilivyokuwa, bila kuongeza chumvi.

"Wifi, shikamoo."

"Shikamoo ya nini leo, umri umenipanda ghafla? Marahaba. Mtoto anakuja?"

"Anakuja. Wifi, lile dodoki."

Nikasikia kuku wake.

"Lipi?"

"Ulilolichoma."

Halafu akasema, polepole, "Lilikuwa linanuka, wifi. Nilikuwa nafagia, harufu ikanivuta mpaka kwenye begi. Nilipoliona nikakumbuka mtoto analia usiku. Nikasema nilichome kabla hajaogeshwa tena."

"Najua. Nilijua tangu hospitali."

"Tangu hospitali."

"Ndiyo."

"Miaka yote hiyo."

"Ndiyo, wifi."

Nikadhani amekata. Nikaitazama simu, bado inahesabu.

"Mimi hapa kijijini," akasema, "kuna nyumba mpaka leo wakina mama wakijifungua siitwi. Unalijua hilo? Nawapita na maji yangu kichwani, wanafunika watoto. Mtoto wa kaka yangu mwenyewe alizikataa karanga zangu. Nilirudi nazo, nikazipanda."

Nilikuwa nalia, nikamwambia nisamehe. Akasema, "Usilie kwenye simu, salio litaisha. Sikwambii yameisha, wifi, nitakuwa naongopa. Siku ya wazazi utakuja?"

"Nitakuja."

"Utakuja hapa kwangu kwanza. Na yale maneno uliyoyasema pale nyuma ya nyumba, utayarudia hayo hayo ukiyageuza, mbele ya watu wale wale. Walio hai bado wapo."

Nikasema nitakuja. Naogopa, lakini nitakuja, na nimeandika hapa ili unidai.

Halafu akasema, "Mtoto mlete. Kamba naifunga leo."

Kwa hiyo kesho mkifika Choma, msalimie kwa mikono miwili. Si kazi yako kuniombea msamaha, usijaribu. Kovu ukitaka kulifunika lifunike, ukitaka kumwonyesha mwonyeshe, mguu ni wako. Kula chakula chake. Mimi nilikila siku nne, na nakwambia anajua kupika mlenda wa karanga kuliko mtu yeyote wa nyumba hii, Bibi akiwemo, usimwambie. Kitu kimoja tu nakuomba. Ukishaoga, usimuulize pa kuweka. Toka nyuma ya nyumba, uende kwenye kamba yake upande wa upepo, ulianike dodoki lako pale kwa kitanzi chekundu, peupe, majirani wakiona. Uliache lilale hapo hapo usiku kucha. Wewe ingia ndani ulale.

Mimi hapa sitalala, hilo nalijua. Lile dodoki lako la zamani utakaloogea kesho alfajiri nitalitupa ukishapanda gari. Sitaliweka ukumbusho, nimeshakuwa na akili. Ila nitaiacha nafasi yake kwenye kamba.

Nasikia kengele ya baiskeli ya baba yako kwenye kona. Sijui utakuwa na kichwa cha namna gani. Ulipozaliwa kilikuwa kirefu kama dodoki lenyewe, tulicheka wodi nzima. Mawingu yanarudi kutoka upande wa Kwihara. Nimeligusa, limekauka mpaka ndani, jepesi kama hakuna kitu. Naenda kulianua.

Mama yako,
anayekupenda na kukuogopea.